Baiti 24 zilizokataa kubadilika

Mwaka jana nilikuwa nikiandika draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, kwa ajili ya kifaa kinachopima mtetemo wa pampu za maji, kilichounganishwa na bodi ndogo yenye prosesa ya Cortex-A53 ya jamii ya ARM na kerneli (sehemu kuu ya mfumo wa uendeshaji) ya Linux toleo la 5.10. Kila kifaa kilipomaliza kupima, baiti 256 za vipimo ziliingizwa kwenye kumbukumbu kwa njia ya DMA, yaani moja kwa moja, bila prosesa kuzibeba. Mara nyingi vipimo vilikuwa sahihi. Mara mojamoja, hata hivyo, baiti 24 za mwanzo zilikuwa za kipimo kilichotangulia, ilhali 232 zilizofuata zilikuwa mpya kabisa.

Nilianza kwa kukishuku kifaa, kisha waya, lakini nilipochunguza ishara zenyewe nikakuta data yote inatumwa ipasavyo. Kilichoniongezea mashaka ni kwamba mpangilio wa aina hiyohiyo niliwahi kuutumia miaka kadhaa kwenye kompyuta za x86, zile za prosesa za Intel na AMD, bila tatizo lolote. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba kwenye kompyuta hizo sikuwa nimeandika programu sahihi. Maunzi ndiyo yaliyokuwa yakinifichia makosa, kwa sababu huko kila kifaa kinapoandika kwenye kumbukumbu, kache za prosesa, yaani kumbukumbu ndogo za kasi zinazoweka nakala za data karibu nayo, hupata habari na kujirekebisha zenyewe.

Hata kwenye Cortex-A53, viini vinne vya prosesa havihitaji msaada wa kerneli ili kuona data moja. Kiini kimoja kikiandika mahali fulani, nakala zilizo kwenye kache za viini vingine hubatilishwa na maunzi, kwa itifaki za jamii ya MESI, ambayo ilielezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1984. Shida huanza pale anapoingia mshiriki wa nje ya mazungumzo hayo. Kwenye bodi yangu, DMA huandika katika kumbukumbu kuu na kuondoka, na kache haina habari. Prosesa ikisoma anwani ileile inaweza kupewa nakala ya zamani iliyo ndani ya kache, na kwa upande mwingine, kitu ambacho prosesa imekiandika kinaweza kubaki kwenye kache huku kifaa kikisoma takataka kutoka kwenye kumbukumbu.

Pengo hilo ndilo ambalo kerneli hulazimika kuliziba, na Linux hufanya hivyo kwa mtazamo ambao mimi huuona kuwa wa umiliki. Unapoita dma_map_single, unakabidhi bafa, yaani eneo la kumbukumbu la kupokelea au kutumia data, kwa kifaa. Unapoita dma_unmap_single, unairudisha kwa prosesa. Katikati ya miito hiyo miwili, prosesa haina ruhusa ya kuigusa, hata kwa kuchungulia tu. Ndani ya miito hiyo, kerneli husafisha kache, yaani huandika kwenye kumbukumbu kile kilichobadilishwa, au huibatilisha, yaani hutupa nakala ili usomaji unaofuata uende kwenye kumbukumbu yenyewe. Kwa bafa inayopokea data, kubatilisha kabla ya DMA peke yake hakutoshi, kwa kuwa prosesa za kisasa huvuta data kwa kukisia kabla haijaombwa, na zinaweza kurudisha nakala ya zamani kwenye kache wakati kifaa bado kinaandika. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa tena baada ya DMA kwisha.

Mimi nilikuwa nimeita miito hiyo yote, kwa mpangilio unaotakiwa. Nikadhani basi tatizo ni la utaratibu wa usomaji na uandishi, nikaweka vizuizi vya kumbukumbu kila mahali, dma_rmb hapa na dma_wmb pale, hata msimbo ukaanza kufanana na ua la miiba. Havikusaidia, wala havikuwa na sababu ya kusaidia. Kizuizi hupanga kipi kitangulie na kipi kifuate, lakini hakisafishi kache wala hakibatilishi chochote. Nashangaa ni mara ngapi nimewaona watu wakichanganya mambo haya mawili, nami nikiwa mmoja wao.

Jibu lilitokana na hesabu ya kujumlisha. Bafa yangu haikuwa peke yake. Nilikuwa nimeiweka ndani ya muundo mmoja pamoja na hali ya kifaa, kufuli, na kihesabio kilichoongezwa na kipima muda. Vitu hivyo vilivyotangulia vilichukua baiti 40. Kwenye Cortex-A53, mstari mmoja wa kache ya data, yaani kipande ambacho kache hukishughulikia kwa pamoja, una baiti 64, na 40 kujumlisha 24 ni 64. Baiti zangu 24 zilikuwa zikiishi kwenye mstari mmoja na kihesabio.

Kache haijui bafa wala kihesabio. Inajua mistari tu. Kipima muda kilipoongeza kihesabio wakati DMA ikiendelea, mstari mzima ulivutwa kwenye kache ukiwa na baiti 24 za zamani, kisha ukawekwa alama kwamba umebadilishwa. DMA ilipokwisha, kerneli ilitakiwa kubatilisha bafa, lakini mstari huo haukuwa wa bafa peke yake. Kuutupa kungepoteza thamani mpya ya kihesabio. Kwa sababu hiyo, kwenye ARM ya biti 64, mistari ya pembeni isiyo ya bafa kikamilifu husafishwa kwanza ndipo ibatilishwe. Kihesabio kikasalimika, na baiti 24 za zamani zikaandikwa juu ya zile mpya zilizokuwa zimeletwa na kifaa. Kerneli ilikuwa imefanya jambo la busara kadiri ilivyowezekana. Mimi ndiye niliyekabidhi kwa kifaa mstari ambao sikuwa nimeacha kuutumia.

Kipengele cha kerneli cha kukagua matumizi ya DMA hakikuniambia lolote. Hutoa onyo pale makabidhiano mawili yanapogongana kwenye mstari mmoja, lakini hakiwezi kuona kwamba kipima muda kimegusa jirani wa bafa. Toleo la 6.5, lililotoka mwaka 2023, nalo lisingeniokoa. Tangu hapo, ARM ya biti 64 inaweza kupitisha bafa ndogo zenye mashaka kwenye eneo la muda, kisha kunakili data, lakini uamuzi huo hutegemea ukubwa wa bafa, na baiti 256 zangu zingeonekana salama, ziwe zimeanzia popote.

Njia rahisi ingekuwa kutumia dma_alloc_coherent, ambayo kwenye bodi kama hii hutoa kumbukumbu isiyopitia kache kabisa. Niliijaribu na ikafanya kazi, ila programu yangu husoma kila kipimo mara kadhaa ili kukokotoa masafa ya mtetemo, na kusoma bila kache ni kuvuta maji kwa kijiko. Nikaamua kuitoa bafa ndani ya muundo na kuiombea nafasi yake kwa kmalloc, ambayo kwenye kerneli ile huhakikisha kwamba kila ombi linaanza kwenye mpaka wa baiti 128. Mabadiliko yalikuwa mistari sita ya msimbo. Vizuizi vyote nikaving'oa.

Baada ya hapo nilipekua draiva zangu za zamani. Katika mojawapo bafa ilianzia baiti ya 16 ya muundo wake, na haijawahi kulalamikiwa kwa sababu hakuna anayegusa baiti hizo 16 wakati DMA inaendelea. Nimeihamisha hata hivyo.