Vijiti vya Mtoni kwa Azizi Ally

Juzi mwanangu kaniomba baiskeli ya kwendea shule. "Mama, si kuna njia ya baiskeli toka hapa Kimara?" Ipo, kweli. Ilikuja na mwendokasi, mabasi yalipoanza safari mwaka 2016, na mimi ni mmoja wa walioisubiri kwa hamu. Lakini naiona kila siku: bodaboda zinakatiza humo humo, na wafanyabiashara wametandika bidhaa. Nikamwambia nitafikiria. Usiku nikaenda kabatini kuitafuta ile kauntabuku.

Wenzangu, mnazikumbuka siku zetu za kuhesabu baiskeli barabarani. Misafara ya baiskeli pamoja na wenzetu wa UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, tulikuwa tumeendesha, barua tumeandika, na kila tulipoomba njia tuliulizwa: kwani hao waendesha baiskeli ni wangapi? Basi tukaenda kuwahesabu.

Zamu yangu ilikuwa Barabara ya Kilwa, Mtoni kwa Azizi Ally, kuanzia saa 12 asubuhi. Nilikalia ndoo niliyoipindua, kauntabuku magotini. Kila baiskeli kijiti kimoja. Cha tano kinavikata vinne. Wakapita wauza samaki na matenga yanayochuruzika maji, wa mkaa, mafundi waliofunga misumeno kwenye fremu. Wanawake wachache mno.

Saa 1 na kitu akaja wa madafu, anatokea Mbagala. Phoenix nyeusi, keria imeongezwa mbao, vichala vimening'inia pande zote mbili hadi karibu na lami. Nikampigia kijiti chake. Kalamu haijainuka, daladala ikachomoka kituoni, kioo cha pembeni kikampata begani. Hakupiga hata kelele. Baiskeli iliinama taratibu, kama mnazi unaokatwa, halafu kamba ikakatika na madafu yakamwagika barabarani, yanabingirika kati ya magari. Moja lilipasukia chini ya tairi la lori, maji yakanirukia mimi na kitabu changu.

Daladala haikusimama. Watu wakakimbilia, wengine kumwinua, wengine kuokota madafu. Wakamkalisha ukingoni mwa mtaro, mkono wa kulia ameukumbatia, goti linatoka damu na vumbi limeganda juu yake. Akanitazama, akaitazama kauntabuku.

"Dada, si wewe unahesabu? Nihesabie madafu yangu. Nimetoka na 60."

Nikapiga magoti. Kichwani hesabu ilikataa, ikabidi nifungue ukurasa wa nyuma nipige vijiti, vitano vitano, mkono unatetemeka. Nikapata 51. Nikarudia. 51. Nilipomwambia, akafumba macho.

"Nimechukua kwa mali kauli," alisema.

Mengine yalikwenda haraka. Tulimchangia kidogo, vijana wakampakia kwenye bajaji kwenda zahanati, baiskeli akaachiwa mama ntilie wa pale kituoni. Nikarudi kwenye ndoo yangu nikamaliza zamu. Hesabu zikajumlishwa, ripoti ikapelekwa. Yule bwana yumo humo, mmoja kati ya waliopita Mtoni asubuhi ile. Karatasi yetu ilikuwa na safu ya wanaume, ya wanawake na ya watoto. Ya walioanguka hatukuiweka. Tulikuwa tumebanwa na swali la wangapi, na mpaka leo linaniuma kwamba hatukuuliza la pili.

Kauntabuku nimeipata. Ukurasa wa nyuma wino umevujia pale maji ya dafu yalipodondokea, lakini vijiti vinasomeka. Mwanangu akaja akasimama begani kwangu, akavihesabu kimya kimya kwa kidole.

"Mama, hivi ni baiskeli?"

"Hivi ni madafu."

Nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule bwana alirudi tena barabarani. Sijui. Zamu iliyofuata nilipangwa kwingine, na hata jina sikumuuliza.

Jumamosi tutaitembea ile njia kwa miguu, mimi na yeye, kutoka nyumbani hadi getini kwa shule yao. Nimemwambia abebe kalamu.