Siku Moja Kazini: Kesi ya Programu Huria, Unguja

Saa 2 asubuhi. Kabla ya jalada kufunguliwa, linaulizwa hili: nakala ya programu ya mteja imekabidhiwa kwa watu, au mdaiwa anaiendesha kwenye seva yake tu? GPL ya kawaida, leseni ya programu huria aliyoitumia mteja, haimlazimishi mtu kutoa msimbo chanzo (maandishi ya programu yaliyoandikwa na mtunzi) mpaka agawe nakala. Hapa nakala imo ndani ya mashine za risiti zinazouzwa mjini, basi dai lipo.

Saa 3. Simu ya mteja, Chake Chake.

"Sheikh, faili la kuchapisha kaandika nani?"

"Nusu mimi, nusu maalim wangu wa chuo."

Asubuhi yote inaishia hapo. Hellwig, mmoja wa watunzi wa Linux, aliishitaki kampuni ya VMware huko Hamburg, Ujerumani, na mwaka 2016 alishindwa kwa kukosa kuonyesha mistari ipi ni yake na imetumika wapi. Rufaa ya 2019 haikumsaidia. Kwa hiyo historia ya Git, daftari la kompyuta linaloweka nani kabadilisha nini kwenye msimbo, inapitiwa mstari kwa mstari, na kila mwandishi anapewa orodha yake. Jina lililomo kwenye Git peke yake halitoshi, kwani mtu huweza kuingiza kazi ya mwenzake kwa jina lake. Maalim atakula kiapo.

Saa 5. Mashine inanunuliwa dukani kwa risiti, na mnunuzi asiwe mteja. Boksi linapigwa picha: hamna leseni wala ahadi ya kutoa msimbo. Programu ikishanakiliwa, alama yake ya SHA-256 (namba inayobadilika faili likiguswa hata kidogo) inachukuliwa *kwanza*, mbele ya shahidi. Ukianza kupekua kabla, mdaiwa atasema umeibadilisha. Kisha yanatafutwa maneno yaliyobaki ndani. Ujumbe "karatsi imekwisha", na kosa lake la herufi, umo kote kuwili, kwenye msimbo wa mteja na kwenye mashine. Kielelezo hicho kina nguvu kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Saa 8, baada ya adhuhuri, sheria. Inatajwa Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003, si ile ya Bara ya 1999. Wengi huinukuu hiyo kwa mazoea. Kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, Marekani 2008, inasaidia kujenga hoja kuwa kuvunja sharti la leseni ni kuvunja hakimiliki, na hivyo zuio linaombeka. Kwa mahakama zetu hiyo ni ya kushawishi tu.

Saa 10, barua ya madai. Toleo la 2 la GPL hukatisha haki papo hapo. La 3 humrudishia mkosaji wa mara ya kwanza haki yake akijirekebisha ndani ya siku 30 tangu apokee taarifa. Letu ni la 3, basi tunadai msimbo kamili pamoja na hati za kuujengea (maagizo ya kuugeuza msimbo kuwa programu), na fidia inafuata nyuma. Ukianza na pesa, mdaiwa hujifungia na msimbo huupati.

Barua haitoki leo. Inangoja kiapo cha maalim kisainiwe mbele ya kamishna wa viapo, Pemba.