Nilikiita Mrehani

Jana jioni binti yangu alichuma jani pembezoni mwa kiwanja cha jirani, akalifikicha, akaninusisha na kuuliza linaitwaje. Nilipomjibu kuwa ni kivumbasi, alitaka kujua maana yake, nami nikajikuta nimerudi Pangani, darasa la nne, nikiwa na tawi lililonyauka mkononi.

Kwa bibi, kivumbasi kilikuwa dawa ya mbu. Kila usiku aliweka matawi mabichi juu ya kigae cha makaa, moshi ukatanda chumba kizima, na asubuhi sare yangu ikaenda nao shule. Kwa hiyo mwalimu alipotutaka kila mmoja ataje mmea wa nyumbani kwao na aulete kesho yake, niliona haya kutaja kivumbasi. Nikasema mrehani, mmea wa heshima, unaofungwa katika vikuba vya maharusi pamoja na asumini.

Bibi hakuwa na mrehani. Nilichuma kivumbasi nyuma ya choo, nikijipa moyo kwamba ni ndugu: shina la pembe nne ni lile lile, na vijiua vimejipanga vivyo hivyo kuzunguka ncha ya tawi. Mwalimu alilipokea tawi, akachagua jani moja, akalisugua taratibu hata kidole gumba chake, kilichojaa vumbi la chaki, kikageuka kijani. Akakipeleka puani. Akafumba macho. Darasa zima lilinyamaza, nami nikasikia kuku akipekua majani nje ya dirisha.

"Mrehani huu," akauliza kwa upole, "jana ulilala wapi?"

Vicheko vilinifuata hadi mwisho wa muhula.

Nilipomsimulia bibi, hakucheka. Alisema mrehani umekuja na jina lake la Kiarabu, tena umetajwa katika Kurani, kwenye Suratu Rahman. Kivumbasi kimepewa jina na watu wa hapa hapa, kutokana na vumba, yaani shombo ya samaki, na bila shaka aliyekiita hivyo alikuwa na chandarua.

Maelezo hayo ndiyo niliyompa binti yangu. Alilinusa tena jani lake, akakunja uso, akasema halina shombo hata kidogo, linanukia karafuu. Nililichukua nikanusa mwenyewe. Ni karafuu kweli, na miaka yote hii sikuwahi kumbishia bibi.