Deni la Maneno

Kazi yangu ya mchana ni ukarani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Kwa sababu hiyo, siku nilipoamua kuandika riwaya, jambo la kwanza nililolifanya halikuwa kutafuta kisa wala wahusika, bali kununua kaunta buku na kulipiga mistari. Safu ya kwanza niliiandikia tarehe, ya pili lengo, ya tatu maneno yaliyoandikwa, ya nne tofauti, na ya tano, ambayo ndiyo iliyokuja kunitesa, salio. Lengo lilikuwa maneno 500 kila siku. Riwaya niliyoikusudia ingefika maneno 60,000 hivi, kwa hiyo siku 120 zingetosha kuimaliza, na kwenye karatasi hesabu hiyo ilionekana nyepesi kuliko hesabu ya mifuko ya saruji. Karani anayeandika si jambo geni katika mji huu. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, na sidhani kama kuna karani wa Tanga mwenye kalamu ambaye hajawahi kujifariji kwa habari hiyo.

Nilianza vizuri. Siku ya kwanza niliandika maneno 612, ya pili 540, ya tatu 503, na safu ya salio ikasomeka 155 kwa wino wa buluu. Siku ya nne tulifiwa mtaani, na msiba wa jirani hauulizi ratiba ya mtu. Nilishinda matangani hadi usiku, nikaandika sifuri. Siku ya tano daftari lilinidai maneno 845, yaani 500 ya siku hiyo na 345 ya nyuma. Niliandika 410, kazi ambayo kwa mtu aliyelala saa saba usiku ilistahili pongezi, lakini kwenye safu ya tano iliingia kama upungufu wa 435 kwa wino mwekundu. Kuanzia hapo sikuiona tena buluu.

Mtu anayedaiwa hujifunza hila upesi. Wiki ya pili niliandika muhtasari wa mkutano wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, maneno 380, nikayaingiza daftarini kana kwamba ni sehemu ya riwaya. Siku nyingine niliingiza barua ndefu ya kumjibu shemeji yangu kuhusu kiwanja. Kazini ningemshika mtu kwa kosa la namna hiyo kabla chai haijapoa. Nyumbani nilikuwa mwizi, mkaguzi na hakimu kwa pamoja, na kesi iliisha kimya kimya.

Siku ya 16 ilikuwa mbaya kwa namna ya pekee. Nilirudia sura ya pili, nikaandika maneno mapya 204 na kufuta ya zamani 522, kwa sababu mazungumzo ya wavuvi niliyokuwa nimeyaandika yalikuwa ya watu ambao hawajawahi kulowa. Sura ilinyooka. Nilisimama nikaisoma kwa sauti jikoni, nikaridhika nayo, kisha nikaenda kwenye daftari na kuandika: kasoro 318.

Kufikia siku ya 19 nilikuwa na maneno 6,240 mahali pa 9,500, na asubuhi ya siku ya 20 daftari lilinidai maneno 3,760 kabla ya kulala. Nililitazama, nikalifunga, nikawasha redio. Sikuandika neno la riwaya kwa siku kumi na moja, ingawa kila usiku, kwa mazoea ya kazi, nililifungua daftari nikajaza sifuri na kuongeza 500 kwenye deni. Siku ya 30 lilifika 8,760.

Usiku huo mama Salma alinikuta nimeliinamia daftari. Akasoma juu ya bega langu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba Salma, deni hili unadaiwa na nani?"

Nikamwambia sidaiwi na mtu, ni utaratibu tu wa kufuatilia.

"Basi lifute."

Neno hilo likitoka kwake lina uzito, maana yeye ndiye mweka hazina wa kikundi, na sijapata kumsikia akimfutia mtu hata faini ya kuchelewa mkutano. Lakini alikuwa sahihi, tena kwa kanuni ninazozisimamia mwenyewe. Dukani kila mwisho wa mwaka huwa tunaorodhesha madeni ya mafundi waliochukua misumari na mabati kisha wakahama mji, bosi anatia saini, na madeni hayo yanaondolewa kitabuni. Hatufanyi hivyo kwa huruma. Deni lisilolipika likiachwa kitabuni hudanganya, kwa sababu linaonyesha mali ambayo haipo na kumfanya mtu apange mambo ya kesho kwa fedha ambazo hatazipata. Maneno yangu 8,760 yalikuwa ya aina hiyo hiyo. Nilipiga mstari mwekundu chini ya safu zote, nikaandika "limefutwa", na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, nikaanza kuyasoma yale 6,240 niliyokuwa nayo.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mpaka leo nalifikiria zaidi ya yote. Maneno yale hayakuwa yangu. Sentensi moja ya sura ya tatu ilisomeka hivi: "Mzee ambaye alikuwa haoni vizuri alikaa nje kwa ajili ya kumsubiri mtoto wake ambaye alikuwa ameenda sokoni." Hayo ni maneno kumi na saba. Bibi yangu angesema, na mimi mwenyewe nikiongea barazani ningesema: "Mzee asiyeona vizuri alikaa nje kumsubiri mwanawe aliyekwenda sokoni." Hayo ni tisa. Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa na kukuta ugonjwa ule ule kila mahali: "ambaye" palipofaa kirejeshi cha ndani ya kitenzi, "kwa ajili ya" palipotosha kitenzi kitupu, "mama yake" palipoita "mamaye". Hakuna kosa la sarufi katika hayo yote, na mahali pengine "ambaye" ndiyo yenye kufaa. Nimeitumia hata katika makala haya. Lakini mkono wangu ulikuwa umejifunza, bila kuniambia, kwamba sentensi iliyolegea hulipa karibu mara mbili ya iliyobana.

Sababu yake ni rahisi. Programu ya kompyuta inapohesabu maneno haisomi, bali huhesabu vipande vilivyotenganishwa na nafasi. Kiswahili hakipendi nafasi. "Hawajatuandikia" ni kipande kimoja, ingawa ndani yake mna kikanushi, mtendaji, wakati, mtendewa, mzizi wa kitenzi na kauli ya kutendea. Mwingereza akitaka kusema hivyo kikamilifu atahitaji maneno saba, na mashine itampa saba. Wala si tabia ya lugha peke yake, ni tabia ya maandishi pia. Watswana, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama yetu, huandika viambishi vya kitenzi vikiwa vimetengana, hivyo "Ke a go rata" yao ni maneno manne, na "Nakupenda" yetu, yenye viungo vinavyokaribiana mno na vyao, ni moja. Mapenzi ni yale yale. Mtswana atafika 500 mapema zaidi, akanywe chai.

Na hiyo 500 nilikuwa nimeitoa wapi? Niliiokota kwa Graham Greene, Mwingereza aliyejulikana kwa kujipimia maneno 500 kwa siku. Wengine huokota 1,667, ambayo ni sehemu ya kila siku katika changamoto ya kuandika riwaya ya maneno 50,000 ndani ya siku 30, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 na baadaye kuwa desturi ya kila Novemba. Sina ugomvi na mizani hizo, ila zimetengenezwa kwa bidhaa nyingine. Mtu hapimi mchele kwa futi. Ninapoona vijana wetu wanaoandika kwa Kiswahili wakijilaumu kwamba wameshindwa kufikisha 1,667, hutamani kuwaonyesha sentensi yangu ya mzee asiyeona vizuri.

Baada ya hapo nilitaka kujua wengine, hasa waajiriwa kama mimi, waliweka vitabu vyao vya hesabu namna gani. Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza huku akiandika riwaya moja baada ya nyingine, na katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alieleza utaratibu wake wote bila haya. Alianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa mezani mbele yake, akitarajia maneno 250 katika kila robo saa, na alimlipa mtumishi wake mzee wa farasi pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe. Mimi huamshwa na adhana, bure. Kilichonigusa si kasi hiyo, ambayo siiwezi, bali ni kwamba alijiandikia shajara ya kila siku huku lengo lake likiwa la wiki: kwa wastani kurasa 40, mara nyingine 20, na mara moja moja hata 112. Kwa kuwa "ukurasa" ni neno linaloweza kuvutwa, aliamua kwamba ukurasa wake una maneno 250. Alirekodi kila siku lakini alijidai kwa wiki, na katika hesabu hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Ernest Hemingway naye aliandika idadi ya maneno yake ya kila siku kwenye ubavu wa boksi la karatasi ngumu aliouegemeza ukutani, chini ya pua ya kichwa cha swala kilichotundikwa hapo, ili, kama alivyoeleza, asijidanganye. Katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1958, namba zilizotajwa ni 450, 575, 462, kisha 1,250, kisha 512. Ile 1,250 ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu ofisini. Haikuwa ya kulipa upungufu wa jana. Alijitahidi zaidi siku za namna hiyo ili kesho yake aende kuvua samaki bila dhamiri kumsuta. Yaani alikuwa analipa kabla. Mimi nilikuwa nalipa baada, tena na adhabu juu yake, na mtu yeyote aliyewahi kukopa anajua tofauti ya usingizi iliyopo kati ya hizo njia mbili.

Kwa hiyo daftari la sasa lina sura nyingine. Naandika kwa mkono, katika kaunta buku lenye mistari 27 kila ukurasa, na nahesabu kurasa badala ya maneno. Karatasi haijali nafasi zilizopo kati ya maneno. "Hawajatuandikia" inakula inchi zake na kulipwa haki yake, na "ambaye" haipati faida isiyostahili. Lengo ni kurasa 12 kwa wiki, kuanzia Jumapili. Jumamosi usiku nafunga hesabu, na upungufu wowote unafia hapo, hauvuki. Ziada inaruhusiwa kuvuka, ila isizidi kurasa mbili, kwa sababu najijua. Kurasa zilizofutwa zina safu yake, wala hazipunguzwi kwenye zilizoandikwa, kama vile dukani bidhaa zilizorudishwa huingizwa mahali pake bila kufuta mauzo ya siku ile. Siku ya wavuvi wangu, kwa utaratibu huu, ingeonekana kuwa siku ya kazi. Na kitu kisicho riwaya hakiingii, hata kiwe kizuri namna gani. Muhtasari wa kikundi umenifundisha.

Safu ya mwisho haina namba. Naandikamo maneno machache ya kesho nianzie wapi: "Saida anarudisha ufunguo", "mvua kabla ya mazishi". Nimeona kwamba asubuhi nikikuta maneno hayo, huwa nimeshashika kalamu kabla sijajua kama nina hamu ya kuandika au sina. Nikikuta safu iko tupu, napasha chai mara mbili.

Sura kumi zimekamilika, nyingine mbili zimevunjwa na kusukwa upya, na siku 120 zilikwisha zamani. Sijui riwaya itaisha lini, na nashangaa jinsi nisivyosumbuliwa na jambo hilo.

Wiki hii imekwenda hivi: Jumapili kurasa mbili, Jumatatu mbili, Jumanne hakuna kwa sababu tulikuwa tunafunga mwezi dukani, Jumatano mbili na nusu, Alhamisi moja, Ijumaa tatu. Sasa ni Jumamosi, saa mbili usiku. Mama Salma amepita nyuma yangu, ameona nabofya kompyuta wakati daftari limefungwa, na ameuliza kama ninachokiandika kinaingia kwenye hesabu. Hakiingii. Umebaki ukurasa mmoja na nusu, na Saida bado amesimama mlangoni na ule ufunguo.