Ligi ya mezani ya 1980: kanuni za kutumia wachezaji zilivyofikiwa

Wiki ya 1

Sanduku la kadi limekamilika. Nimechapa kadi za wachezaji wa msimu wa 1980 wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, timu zote 26, na mameneja wanane wamekubali kucheza mechi 162 kila mmoja kama ilivyokuwa mwaka ule. Kila meneja atateua kikosi kipya kutoka kwa wachezaji wote. Kabla ya uteuzi nimewaomba wiki kadhaa za majaribio, kwa sababu kuna jambo moja sitaki tulianze likiwa limelegea: nani anaruhusiwa kutumika, na kwa kiasi gani.

Kadi hubeba uwiano wa takwimu za mtu. Ukirusha dadu, inajibu kama yeye alivyokuwa akijibu uwanjani. Tatizo ni kwamba kadi haichoki wala haiumii. Mfano wangu wa kila siku ni George Brett wa Kansas City Royals. Mwaka 1980 alipiga kwa wastani wa .390, yaani alifanikiwa mara 39 katika kila mipigo rasmi 100, wastani mkubwa kuliko wowote tangu Ted Williams alipopata .406 mwaka 1941. Lakini majeraha yalimweka nje mara kwa mara, akacheza mechi 117 tu na kusimama kupiga mara 515. Kadi inaijua ile .390. Mechi 45 alizokosa hazimo ndani yake. Meneja akiachiwa, atampanga wa tatu kwenye orodha ya wapigaji mechi zote 162, na Brett atapata zamu za kupiga zaidi ya 700. Huyo atakuwa mtu ambaye hajapata kuwepo, na mimi nilijenga ligi hii nikitaka wachezaji waliokuwepo.

Wiki ya 2

Tumeanza na kanuni rahisi: mchezaji asizidishe idadi ya mechi alizocheza kweli. Haikufika siku tatu.

Fikiria mtu aliyekuwa akiingizwa mwishoni mwa mechi ili apige mara moja kisha akae. Kwenye takwimu ana mechi 90 na zamu 120. Kwa kanuni ya mechi, meneja ana haki ya kumwanzisha mechi 90, na kila mechi atapiga mara nne au zaidi. Hapo atapata zamu 360 au zaidi kwa kadi iliyotokana na zamu 120. Mwenzetu mmoja aliligundua hilo akiwa anapanga kikosi cha majaribio, akaja kuniambia badala ya kunyamaza na kulitumia. Nilimshukuru sana. Ligi ikiwa na watu wa namna hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo tunahesabu zamu. Kila mpigaji anaposimama kumkabili mrushaji mpaka zamu yake iishe, iwe amepiga, ametoka auti (ameondolewa) au amepewa besi ya bure, ni moja. Hakuna mjadala.

Hesabu ya kikosi nayo ikafuata yenyewe. Timu hupata zamu karibu 38 kwa mechi. Mara 162, ni kama 6,150. Upande wa kurusha, mechi ina awamu tisa, na kila awamu huisha kwa auti tatu; tisa mara 162 ni 1,458. Kikosi ambacho jumla yake haifiki hapo kitakaukiwa watu kabla ya msimu kwisha, hata kama kina majina ya kutisha. Nimeandika namba hizo mbili kwa kalamu nene na kuzibandika juu ya meza.

Wiki ya 3

Wiki hii nimeitumia karibu yote kwa mtu mmoja, J.R. Richard wa Houston Astros.

Msimu wake wa 1980 ulikuwa mechi 17 za kuanza, yaani alizoanza yeye kurusha, awamu 113 na auti mbili, na wastani wa mikimbio 1.90 ya kuhesabiwa dhidi yake (isiyotokana na makosa ya wenzake) kwa kila awamu tisa. Ndiye aliyeanza kurushia upande wa National League, moja ya sehemu mbili za ligi kuu, kwenye mechi ya nyota Julai mwaka ule. Alikuwa akilalamika kwamba mkono umekufa ganzi, na wapo waliomtilia shaka. Tarehe 30 Julai alianguka akiwa mazoezini, amepatwa na kiharusi. Hakurudi tena kurusha kwenye ligi kuu.

Katika majaribio, meneja aliyepewa kadi yake alimwanzisha mara 12 ndani ya mechi 50 za mwanzo. Kwa mwendo huo angefika 38 au 39. Sikuona raha nikiitazama ile safu ya ushindi. Kadi ni nzuri kiasi hicho kwa sababu imekatika Julai. Haikupitia joto la Agosti wala uchovu wa Septemba. Kumfanya abebe msimu mzima ni kusahau kilichompata.

Basi warushaji wa kuanza wana vikomo viwili kwa pamoja, mechi za kuanza na auti, na kinachofikiwa kwanza ndicho kinachofunga.

Nimesema auti, si awamu, na hapo kuna kisa. Besiboli huandika awamu 6 na auti mbili kama 6.2. Hiyo nukta si ya desimali: baada yake huja 0, 1 au 2 tu, kwa kuwa auti ya tatu hukamilisha awamu. Lahajedwali langu halikulijua hilo. Niliingiza mechi nne za Richard, 7.1, 6.2, 8.0 na 6.2, likaniletea jumla ya 27.5. Nilikuwa karibu kufunga kompyuta nilipoitazama tena ile tano. Hakuna 27.5 katika besiboli. Nikahesabu kwa mkono: 22, 20, 24 na 20, jumla auti 86, yaani awamu 28 na auti mbili. Katika mechi nne tu mrushaji alikuwa amepewa zawadi ya zaidi ya awamu nzima. Kwa timu nane na msimu mzima, vikomo vyote vingekuwa vya uongo bila mtu yeyote kudanganya.

Sasa kila kitu kinaingizwa kwa auti. Richard ana 341. Steve Carlton wa Philadelphia Phillies, aliyerusha awamu 304 katika mechi 38, ana 912. Ukiziweka safu hizo mbili kando kwa kando, huhitaji maelezo kwa nini mmoja anaweza kuibeba timu na mwingine hawezi.

Wiki ya 4

Je, kikomo kiwe asilimia 100 kamili? Nilitaka hivyo, kwa moyo wote. Majaribio yamenikatalia.

Tukiteua timu nane kutoka 26, kila kikosi kinajaa wapigaji bora. Wapigaji bora hawatoki auti haraka, na timu isiyotoka auti inaendelea kupiga. Wastani wetu ulipanda kutoka zamu 38 nilizotarajia mpaka 40.6 kwa mechi. Ongezeko la 2.6 linaonekana dogo, lakini mara 162 linakuwa zamu 421, karibu mchezaji mmoja mzima ambaye meneja hakumpanga. Timu moja iliishiwa wadakaji, wale wanaokaa nyuma ya mpigaji, ikiwa bado ina mechi 11. Kikomo kikali namna hiyo humwadhibu meneja kwa kosa la kuteua vizuri.

Kwa hiyo kuna nyongeza, lakini haifanani kwa wote. Aliyesimama kupiga mara 600 au zaidi yuko huru. Willie Wilson wa Royals alifikisha mipigo rasmi 705 (zamu bila kuhesabu besi za bure) mwaka ule, na hakuna cha kumlinda mtu kama huyo. Mwenye zamu 400 hadi 599 anapata asilimia 110, hivyo Brett anafika 566. Mwenye 100 hadi 399 anapata 105. Chini ya 100 hapati kitu. Zamu zake ni zilezile. Warushaji nao vivyo hivyo: auti 600 na kuendelea asilimia 110, kati ya 150 na 599 asilimia 105, na chini ya hapo hakuna nyongeza. Richard anapata auti 358 na kuanza mechi 18. Sehemu za desimali tunazitupa kwenye auti na zamu, na mechi za kuanza tunapandisha.

Sababu ya kumnyima nyongeza mwenye namba ndogo ndiyo ninayoijali kuliko zote. Zamu 600 zinakuambia mtu ni nani. Zamu 40 zinakuambia alikuwa na wiki mbili za namna gani. Kadi inazitamka zote mbili kwa sauti moja, na kanuni ndiyo pekee inayoweza kuzitofautisha.

Wiki ya 5

Fernando Valenzuela. Nilijua tutafika kwake.

Los Angeles Dodgers walimwita Septemba 1980, akiwa na umri wa miaka 19. Alirusha katika mechi 10, zote akiingia katikati ya mchezo, awamu 17 na auti mbili, na hakuandikiwa mkimbio hata mmoja wa kuhesabiwa dhidi yake. Wastani 0.00. Mwaka uliofuata dunia nzima ya besiboli ilimjua, lakini kadi yangu ni ya zile awamu 17 tu, na kwenye dadu ni ukuta.

Kikomo chake ni auti 53. Tukadhani yamekwisha. Kisha meneja mmoja akamweka benchi mechi 140 bila kumgusa, akamtoa wiki tatu za mwisho, kila mechi iliyofungana, awamu ya nane na ya tisa. Hakuvunja kanuni yoyote. Alishinda mechi tano za namna hiyo na kuwapita wawili kwenye msimamo.

Wengine walikasirika; mimi nilikaa na daftari. Auti 53 zilizotawanyika msimu mzima na auti 53 zilizorundikwa pale ubingwa unapoamuliwa si kitu kimoja. Tumekubaliana kuugawa msimu mara tatu, mechi 54 kila sehemu, na hakuna anayetumia zaidi ya asilimia 40 ya kikomo chake katika sehemu moja. Valenzuela anabaki na auti 21 kwa sehemu ya mwisho. Kuna aliyeuliza kwamba yeye kweli alirusha wiki za mwisho wa msimu tu, kwa nini tumkataze? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba Dodgers hawakujua mwezi Aprili kwamba atakuja kuwa hivyo, na sisi tunajua.

Mechi za mtoano zina kikomo chake: hakuna anayeingia na akiba ya msimu, na mwenye auti chini ya 150 anaruhusiwa auti sita tu kwa kila mfululizo. Kanuni ya nafasi uwanjani ni fupi: mchezaji hucheza pale alipocheza mwaka 1980, basi.

Wiki ya 6

Mapumziko. Nilikuwa nimeandika kwamba mrushaji wa akiba, yule anayeingia katikati ya mchezo, asivuke awamu moja kwa mechi, kama tulivyozoea kuona warushaji wa kumalizia mechi wa siku hizi. Dan Quisenberry wa Royals akaniumbua. Alicheza mechi 75 na kurusha awamu 128 na auti moja, yaani auti 385, zaidi ya tano kwa mechi kwa wastani. Mwaka 1980 hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mtu wa mwisho: kuingia awamu ya nane, wakati mwingine ya saba, na kumaliza. Kanuni yangu ilikuwa imechukua desturi ya miaka ya baadaye na kuwavisha watu wa 1980.

Nimeifuta. Kila mrushaji wa akiba sasa ana kikomo chake kwa mechi, wastani wake mwenyewe wa auti mara mbili. Quisenberry anaruhusiwa auti 10. Akipita wastani wake leo, kesho harushi. Wa kuanza wanapumzika mechi nne kamili, isipokuwa walioanza mara 36 au zaidi mwaka ule, ambao wanapumzika tatu. Carlton yumo.

Kilichonipa furaha ni kuona mameneja wameanza kuzungumza kama mameneja. Jana usiku wawili walibishana kwa saa nzima kama ni busara kumtumia mrushaji wa akiba kwenye mechi wanayoongoza kwa mikimbio mitano, ilhali kesho wana mechi ngumu zaidi. Wiki ya kwanza hakuna aliyeliwaza hilo, maana kadi nzuri ilikuwa inapatikana kila siku.

Wiki ya 7

Adhabu imebaki ya mwisho kuamuliwa. Kunyang'anya nafasi ya uteuzi wa msimu ujao kunakuja mbali mno. Aliyenufaika atakuwa ameshachukua ubingwa. Tumechagua kuzuia kabla. Lahajedwali linageuka njano mchezaji akifika asilimia 90 ya kikomo, na akifika mwisho kadi inatoka sandukuni na kuwekwa kwenye bahasha ya timu yake. Ikigundulika baadaye kwamba kadi ilipaswa kuwa ndani ya bahasha, matokeo ya mechi yanabaki, ila kila zamu moja iliyozidi inakatwa mara tatu kutoka kwa mpigaji wa timu hiyo mwenye zamu nyingi zaidi zilizobaki.

Kilichobaki wazi ni wapigaji waliokuwa wakipangwa zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia, wale ambao kadi yao dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto imejengwa kwa zamu 30 au 40. Nadhani wanahitaji kikomo cha pili, lakini sitaki kuongeza safu ya lahajedwali kabla ya kuona mechi halisi zinasemaje.

Uteuzi tumeufanya Jumamosi. Brett alikwenda wa kwanza, vikomo na yote. Richard alibaki mezani mpaka raundi ya tano, kila mmoja akipiga hesabu ya mechi 18 na kusitasita. Aliyemchukua hakusema mengi. Aliandika ratiba ya mechi zake 162 kwenye karatasi, akaweka alama saba katika sehemu ya kwanza kuanzia mechi ya kwanza, saba katika ya pili na nne katika ya mwisho, akafika alama ya 18 na kuchora mstari. Chini ya mstari aliandika majina ya warushaji wawili wa kawaida, watakaogawana mechi zilizobaki za nafasi hiyo. Tunarusha dadu za kwanza kesho saa mbili usiku, na Richard ndiye anayeanza.