Vifaranga vya kidimu vimetoka!

Jamani jana usiku sikulala, siku ya 21 ilifika nikakaa pembeni ya inkubeta nasikiliza mayai yanavyolia kwa ndani, mpaka saa kumi alfajiri wa kwanza akatoboa. Niliweka 24, siku ya 7 nikayamulika na tochi ya simu nikatoa 5 hayana kitu, joto nimelishikilia nyuzi 37.5 na kuyageuza niliacha siku ya 18. Wametoka 16!!

Sasa kidimu, yule kuku manyoya yamejikunja kwenda juu, wengi wanakosea, wanapandisha kidimu kwa kidimu wakidhani watapata wazuri tupu, kumbe kama robo ya vifaranga wanarithi jeni ya kujikunja mara mbili, toka kwa baba na kwa mama, manyoya yanakatikakatika wanabaki nusu uchi, baridi inawatesa, inaniuma sana kuwaona. Mimi jogoo ndo kidimu, matetea yana manyoya ya kawaida, hapo kama nusu wanatoka kidimu wenye afya.

Kwa sasa wote wana malaika laini tu, mpaka mabawa yaanze kuota ndo ntajua nani kajikunja. Nawachungulia kila saa.