Nilivyohesabu sauti za wakulima redioni

Nilikuwa ripota wa redio hapa Iringa kwa miaka mitano bila kukanyaga darasa la uandishi wa habari. Kilichonipeleka chuo kikuu ni Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake, zilizotaka mwandishi awe angalau na stashahada. Nilifuata cheti. Nikakutana na mwalimu aliyeniuliza, "Katika habari zako, nani hasa anasikika?"

Nikasema wananchi. Akanijibu, "Haya, kahesabu."

Wiki mbili nilirekodi kwa simu taarifa ya habari ya usiku ya kituo changu mwenyewe, nikachora jedwali: habari inahusu nini, nani anasikika kwa sauti yake, nani anatajwa tu. Huo ndio uchambuzi wa maudhui. Kuhesabu kwenyewe si kugumu. Kilicho kigumu ni kukubaliana unahesabu nini. Mwanafunzi mwenzangu alisikiliza rekodi zilezile bila kuona jedwali langu, na majibu yetu yakapishana vibaya. Mwenyekiti wa kijiji anayelima mahindi, mimi nilimweka kwa wakulima, yeye kwa viongozi. Tulibishana jioni nzima katika baridi ya Julai, mwisho tukaandika kanuni: mtu anahesabiwa kwa cheo alichotambulishwa nacho hewani. Tukaanza upya rekodi zote.

Matokeo yaliniuma. Katika mkoa wa mahindi na viazi, wakulima waliosikika hawakufika idadi ya vidole vyangu. Sababu naijua, kwa kuwa nimeishi ndani yake: kituo hakina pesa ya mafuta, ripota anapanda gari la msafara wa kiongozi, na posho anaipata kwa mwenye shughuli. Mkulima asiyekuwa njiani mwa msafara hakutani na kipaza sauti.

Nikaanza kwenda mwenyewe, siku za mapumziko, kwa basi hadi Kilolo. Mama aliogopa. Hajasahau kwamba mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, nami sikumbishia. Kila safari nilimwachia jina la kijiji, namba ya mwenyeji na saa ya kurudi.

Nilijifunza kutotoa kinasa sauti mapema. Kwanza "kamwene", salamu ya Kihehe, kisha kukaa, kuuliza mvua na watoto. Mama mmoja wa viazi alinieleza habari ya lumbesa, gunia linaloongezewa juu hadi lizidi kipimo huku bei ikibaki ya gunia moja. "Sisi mwanangu hatuulizwi," alisema, "tunapimiwa tu."

Mhariri aliposikia sauti hiyo aliuliza imetoka kwenye shughuli ya nani. Nikamwambia hakuna shughuli, nilimfuata shambani kwake. Akairudia mara mbili, kisha akaipanga ya pili, baada ya habari ya Bunge.